Chai ya Msafiri

Eli mwanangu,

Salamu naziruka, maana saa moja iliyopita ulikuwa hapa unatafuta soksi. Ni saa tisa mchana na naandika kibandani kwangu, juu ya meza ya kukatia nguo. Cherehani nimeifunika. Mteja wa sketi za marinda nimemwambia arudi Ijumaa, akanuna, nikamwacha anune. Leo Jumatano ni yako.

Mambo ya shuka, kufuli la sanduku, simu ya kuchungwa kwenye basi na baridi ya Mbeya, shangazi yako ameshakwambia mara tatu na kesho alfajiri pale stendi atakwambia ya nne. Mimi siongezi kitu hapo. Kuna jambo moja sijawahi kukuambia uso kwa uso, ingawa mdomo ninao na mtaa wetu wote wa Sekei unaujua. Kila nikitaka kuanza anaingia mtu, au wewe unajiziba masikio na zile spika zako. Nimeona niandike.

Ni lile neno nililokufundisha ukiwa darasa la saba: "Baba amesafiri."

Unaukumbuka mwaka ule watalii walipokoma kuja. Baba yako alikuwa amewaendesha watalii miaka kumi na minne, mtu wa kuondoka na kurudi, leo Tarangire, kesho kutwa Ngorongoro, akirudi nyumba nzima inanuka vumbi na kila mtu anacheka. Kampuni ikapaki magari yote, ikawaambia madereva wakae nyumbani wasubiri simu. Wiki ya kwanza alipaka geti rangi. Wiki ya pili akatengeneza banda la kuku. Wiki ya tatu akalala.

Nilimpa siku chache, kisha nikaanza kukasirika. Mimi ni mtu wa Machame. Nimelelewa na mama aliyekata majani ya ng'ombe akiwa na mimba ya miezi minane, na kwetu mtu mzima hakutwi kitandani jua likiwa juu labda awe na malaria. Asubuhi moja nilisimama mlangoni kwake, mkanda wa kupimia shingoni, nikamwambia wanaume wenzake wanabeba zege, yeye anabeba shuka. Neno likamwingia, nililiona linavyomwingia. Akageukia ukutani. Nimemwomba Mungu msamaha kwa neno lile mara nyingi, na mpaka leo likinijia nikiwa nashona nasimamisha mguu.

Hasira ilipoisha ikaja hofu. Akahamia chumba cha nyuma. Chakula nikipeleka kinarudi kilivyo. Usiku nasikia kitanda kinalia, najua amekaa, hajalala. Ningeweza kumwita mtu. Methali ya mficha maradhi niliijua, shuleni niliiandikia insha nikapata alama nzuri. Lakini kichwani mwangu kulikuwa na jambo jingine la zamani kuliko insha.

Kwetu kulikuwa na baba mdogo, mdogo wa mwisho wa babu yako. Nikiwa mtoto, mtu akimuulizia tulifundishwa kusema yuko Tanga, anafanya kazi kwenye mkonge. Naye alikuwa hapo hapo migombani nyuma ya nyumba, kwenye kibanda, na mimi ndiye niliyempelekea chakula. Alikuwa ananiita jina langu vizuri kabisa. Aliniuliza habari za shule, akanisaidia hesabu za kugawanya. Siku nyingine alikuwa anaongea na watu nisiowaona, na siku hizo nilikuwa naweka sahani chini na kukimbia. Alifia kwenye kibanda kile, na msibani majirani wakawa wanaulizana amerudi lini.

Hukuwahi kuisikia habari hii kwa sababu sikuwahi kuisema. Baba yako alipolala, nilifanya nilichofundishwa. Nikakuita jikoni nikakwambia watu wakiuliza, sema Baba amesafiri, amekwenda Babati kuangalia shamba. Ulikuwa unakula ndizi, ukaacha kutafuna. Ukauliza swali moja tu: "Nikiulizwa anarudi lini?" Nikakwambia useme hujui.

Unajua jumuiya yetu ya kanisa inavyozunguka, kila Jumamosi asubuhi nyumba nyingine, kwa zamu. Zamu yetu ilipofika niliibadilisha na Mama Happy, nikasema nina sare nyingi za kumaliza. Ikarudi, nikaibadilisha tena. Mara ya tatu nikaona nikikataa wataniuliza, kwa hiyo nikakaanga maandazi, nikapanga viti, nikafunga mlango wa chumba cha nyuma. Kutoka kiti cha mwenyekiti hadi mlango ule ni hatua kumi. Nilizihesabu.

Waliimba, wakasoma neno, ukafika wakati wa kutaja mahitaji. Baba Happy, mwenyekiti wetu, yule fundi magari mwenye sauti ya kuita watu ng'ambo ya mto, akasimama na kuomba. "Bwana, mkumbuke ndugu yetu Baba Eli huko aliko. Mrudishe nyumbani salama." Wewe ukasema amina kwa sauti kuliko wote. Na mimi, mwanangu, nilijivunia jinsi ulivyoisema bila kutazama ule mlango.

Watu wakanywa chai wakaondoka. Akabaki Bibi Ndeshi, mjane wa nyumba ya chini, yule uliyekuwa unamwibia mapera ukidhani haoni. Alikuwa anakusanya vikombe. Kisha akajaza kikombe kimoja kisafi, akaweka maandazi mawili kwenye sahani, akasimama katikati ya sebule.

"Mama Eli," akasema, "chai ya mwenye nyumba unampelekea wewe, au nimpelekee mimi?"

Nikasema amesafiri. Hakubishana. Alitazama buti za baba yako nyuma ya mlango, buti ambazo hawezi kwenda hata dukani bila kuzivaa, akanitazama mimi, akasubiri na chai yake mkononi. Mimi ni mwanamke niliyebishana na maofisa wa soko na nikawashinda, lakini kikombe kile kilinishinda. Nikalia pale pale mbele yako. Najua uliniona, ulikuwa kwenye mlango wa jikoni umeshika jagi.

Chai nilipeleka mwenyewe. Baba yako alikuwa amekaa kitandani, macho makavu. Akasema, "Nimewasikia mkiniombea nirudi. Nikasema kumbe hata nyumbani kwangu sipo." Akaniambia na mengine, kwamba kwa wiki kadhaa alikuwa anawaza kuondoka kule kusikorudiwa, na kwamba alipoisikia sala ile aliona kazi imeshafanyika, hakuna atakayeshtuka. Nilikuwa nimeshika sahani. Sijui niliiweka wapi.

Hilo ndilo nililokaribia kulifanya na uongo wangu mdogo wa Babati. Nilidhani ninamfunika mume wangu, kumbe nilikuwa namfuta. Sikuandikii haya ili unionee huruma. Nataka uyajue ukiwa na akili za mtu mzima, kwa sababu yalifanyika mbele yako ukiwa mtoto, na hukuambiwa yalikuwa nini.

Bibi Ndeshi hakwenda kwake siku ile. Alilala kwetu, na kesho yake pia. Jumatatu tukaenda hospitali sisi watatu, baba yako katikati yetu. Daktari alikuwa kijana, akamsikiliza bila haraka, akasema ni ugonjwa, una jina na una dawa, na dawa peke yake haitoshi, anahitaji watu. Bibi Ndeshi akasema watu tunao. Alisema hivyo tu, wala hakuwa amewauliza hao watu.

Walipoulizwa walikubali, karibu wote. Mmoja alisema ni mkono wa mtu, tukamtafute aliyeufanya. Mwingine akasema maombi yanatosha, vidonge ni kukosa imani. Bibi Ndeshi akamuuliza na yeye miwani yake ameipata kwa maombi? Mazungumzo yakaishia hapo.

Kilichofuata ulikiona, ila sidhani kama ulikielewa, maana hata mimi sikukielewa mapema. Jumanne Bibi Ndeshi alikuja na ungo na maharage. Akaweka kigoda kwenye mlango wa chumba cha nyuma, akakaa anachambua, anaimba chini chini, hamwulizi baba yako kitu. Saa mbili nzima, kisha akaaga. Jumatano vivyo hivyo. Mimi nilikuwa nakerwa, nataka amshauri, amhubirie, afanye jambo. Alhamisi akamwekea ungo mapajani, akasema macho yake yamechoka. Baba yako akachambua. Alichambua vibaya, tulitafuna mawe wiki nzima, lakini katikati ya mawe yale alimwambia Bibi Ndeshi ni siku ya ngapi hajalala. Mimi alikuwa hajaniambia.

Ndipo jumuiya ikageuza zamu. Badala ya kuzunguka nyumba zote, ikawa kila siku mtu mmoja anapita kwetu, na hakuna aliyeruhusiwa kuja na mahubiri. Mama Happy alileta mahindi ya kupukuchua. Baba Happy alikuja asubuhi na panga, akisema ng'ombe wake anakula kuliko uwezo wake wa kukata majani, anaomba msaada. Ng'ombe mwenyewe alikuwa mzee, hali chochote cha maana. Baba yako alijua hivyo na alikwenda. Swali lao lilikuwa moja, na nimelichukua mpaka leo: umelalaje? Hawakumuuliza anaumwa nini wala amekosa nini. Mtu anaweza kulijibu swali hilo hata kama hana nguvu ya kujibu jingine lolote.

Sitakudanganya kwamba alipona kwa mwezi. Masika alirudi kitandani siku tisa. Mara moja alitupa vidonge chooni, tukaanza upya. Maneno nayo yalisemwa, na kuna mama aliyewahamisha wanawe wasishonewe sare kwangu, sijui aliogopa watavaa nini. Nililia siku moja, ya pili nikashona za wengine. Nilichokuwa nimekiogopa zaidi ya vyote, watu kujua, kilitokea, na siku iliyofuata jua lilichomoza likauangaza Mlima Meru na tukanywa chai.

Leo unamwona. Anaendesha watalii tena, si kila msimu, na dawa anakunywa bila kujificha. Akisikia mtu mtaani haonekani, anachukua ungo wa Bibi Ndeshi, aliyemrithisha akiwa bado hai ili afaidi kumcheka, anakwenda kukaa mlangoni kwa mtu. Bado anaacha mawe. Na jumuiya yetu siku hizi, kabla ya kutaja mahitaji, kila mmoja anasema amelalaje wiki hiyo. Mwanzoni wanaume walijibu wote "salama" kama watu waliofunzwa na mwalimu mmoja. Mpaka Baba Happy, na ile sauti yake, akasema hajalala tangu mdogo wake afariki. Hakuna aliyejibu salama siku ile. Najivunia watu hawa, Eli. Si watu wa ajabu, wana umbea wao na ubahili wao, ila wamejifunza kitu ambacho ukoo wangu haukukijua.

Sasa nakuja kwako.

Mwaka jana ukiwa kidato cha tano, ulirudi likizo mashavu yameingia. Nikakuuliza, ukasema, "Niko poa, Mama, masomo tu." Mlezi wa bweni alikuwa ameshanipigia kwamba ulikuwa unakesha, na kwamba wenzako uliwaambia una malaria. Malaria ya wiki tano. Nilipokata simu nilikaa hapa hapa kwenye meza hii nikaijua sauti ile. Ilikuwa ni sauti yangu. Yuko Tanga, amekwenda Babati, nina malaria. Umefunzwa vizuri, mwanangu, na mwalimu ni mimi.

Sikujua nifanye nini, na mimi kutojua si desturi yangu. Baba yako akakwambia mkachambue maharage nyuma ya nyumba. Nilikuwa naanika nguo upande wa pili wa ukuta. Nilisikia unamwambia usiku unavyokuwa mrefu, na moyo unavyokwenda mbio bila sababu, na unavyoogopa kwamba utakuwa kama yeye. Naye akakujibu, "Ukiwa kama mimi utakuwa na watu." Kamba ilijaa nguo na mimi bado nimesimama pale na kibanio mkononi. Nilifurahi, na niliumia pia, nakwambia ukweli. Ulimwambia yeye, hukuniambia mimi. Nikajiuliza kwa nini, na jibu halikunisumbua kulitafuta. Nani anakwenda kufunua siri kwa mtu aliyemfundisha kufunika?

Ulikwenda hospitali na baba yako, ukapata daktari wa kuongea naye, ukamaliza shule, umefaulu. Sina shaka na wewe. Huko Mbeya utasoma, utapendwa, utakula viazi mpaka uvichoke. Nakujua. Siku mbaya zikija, na zinaweza kuja, najua pia unazijua kwa sura kuliko nilivyozijua mimi katika umri huo. Daktari wa hapa ameandika barua ya kumpa mwenzake wa huko, iko kwenye bahasha ya vyeti. Usisubiri ukonde ndipo uipeleke.

Lakini watu huwezi kubebewa kwenye bahasha. Hao utawatafuta mwenyewe, na huwezi kungoja uugue ndipo uwatafute. Sikwambii lazima wawe wa kanisani, ingawa shangazi yako atataka kusikia hivyo. Inaweza kuwa mama anayeuza chakula karibu na geti, ukila kwake kila siku mpaka siku usipokwenda aulize yule kijana wa Arusha yuko wapi. Inaweza kuwa timu ya mpira, na najua unavyocheza, watakuvumilia. Ishi mahali ambapo kukosekana kwako kutaonekana. Mimi nilikaa nyumba moja na mtu na nikamkosesha kuonekana, kwa hiyo najua ninachosema.

Na siku utakapoambiwa mwenzako wa chumba cha pili anaumwa tumbo, au amesafiri, au yuko bize, tazama viatu vyake. Vikiwa mlangoni, peleka chai.

Ndani ya karatasi hii utakuta jani. Ni isale, nimelikata asubuhi kwenye ule mstari wa nyuma ya banda la kuku, ambao miche yake nilikuja nayo kutoka Machame nilipoolewa. Uliwahi kuniuliza kwa nini naupalilia mmea usioliwa. Kwetu, mtu aliyekukosea akikuletea isale, amekuja kuomba msamaha kwa uzito wote, na mwenye kuletewa hakatai, hata kama kosa ni la damu. Baba yako nilimpelekea wiki ile ile ya kikombe cha chai. Alilishika muda mrefu, akasema Mmeru kupigiwa magoti na mtu wa Machame ni jambo la kuandikwa, na hiyo ndiyo ilikuwa mara ya kwanza kutania baada ya miezi mitatu. Analo hadi leo, limekauka ndani ya Biblia yake.

Wewe sikukuletea. Nilijiambia mtoto haombwi msamaha na mzazi wake, atazoea vibaya. Huo nao ulikuwa ukaidi wa Machame. Leo nakuletea. Nilikukosea siku ile jikoni. Nilichukua mtoto mkweli nikampa uongo aubebe, naye akaubeba vizuri hadi akafikiri ni wake. Nisamehe, Eli. Desturi inasema hukatai, lakini mimi sitaki unisamehe kwa sababu ya desturi. Kaa na jani, hata likikauka, jibu litakuja lenyewe.

Na sikungojei uniandikie. Jumamosi hii zamu ya jumuiya ni kwetu. Watakapofika kwenye kuulizana, Bibi Ndeshi ataniuliza Eli amelalaje, na watu wote watanitazama mimi. Nipigie Ijumaa jioni uniambie ukweli, hata ukiwa mbaya. Nitausema vilevile ulivyo, kwa sauti, mlango wa chumba cha nyuma ukiwa wazi.

Mama yako